Kabla hujadungwa sindano, kitazame kichupa

Msomaji, hebu jikumbushe mara ya mwisho ulipodungwa sindano. Huenda ilikuwa mwezi uliopita katika zahanati ya mtaani kwenu, au ni miaka mitano iliyopita ulipokatwa na bati na ukadungwa ile ya kuzuia pepopunda. Bila shaka unaukumbuka uchungu wake, na pengine hata upande uliodungwa. Lakini je, unakumbuka dawa yenyewe ilitoka wapi? Kichupa kilifunguliwa mbele yako? Kama kilikuwa na unga ndani, unga huo ulichanganywa na nini? Bomba la sindano lilitolewa katika karatasi yake ukitazama, au uliletewa likiwa limejazwa tayari kutoka chumba cha pili?

Wengi wetu hatuna jibu, maana wakati huo huwa tumegeuza uso ukutani na kufumba macho.

Ni jambo la kushangaza kidogo. Mtu huyu huyu akienda sokoni atalibonyeza kila nyanya kabla ya kulipa. Akinunua maziwa ya pakiti atasoma tarehe. Lakini kitu kinachotiwa moja kwa moja ndani ya damu yake hakiulizi jina.

Tena sindano tunaipenda. Katika mitaa mingi ya miji yetu, mgonjwa aliyerudi nyumbani na vidonge peke yake huona kama kwamba hakutibiwa. Atawaambia jirani zake kuwa daktari hakumsaidia, alimpa tembe tu. Wenye kliniki nao wanalijua hilo, na wako ambao hawaoni ubaya kumpa mteja anachotaka, madhali analipa. Ndivyo mtu mwenye mafua anavyodungwa dawa ya kuua bakteria ingawa mafua huletwa na virusi, au mtu mchovu akadungwa vitamini ambazo angezipata kwenye sahani ya sukuma wiki na maharagwe. Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, lilikadiria wakati wa kuingia karne hii kwamba katika nchi zinazoendelea hudungwa sindano zipatazo bilioni 16 kila mwaka. Chanjo zilikuwa sehemu ndogo mno ya hizo. Karibu nyingine zote zilikuwa za matibabu, na nyingi kati yake hazikuhitajika.

Hatusemi sindano ni mbaya. Kuna maradhi ambayo bila sindano mgonjwa atakufa, nasi tutayafikia. Tunalosema ni kwamba ni vyema ujue kilichomo ndani ya kile kichupa, na kwa nini kilitengenezwa hivyo.

Mlango usio na bawabu

Chakula unachokula si kisafi kabisa, hata ukiosha vipi. Kila tonge lina viini vyake. Lakini tumboni kuna asidi kali inayoviua vingi, na utumbo una kinga zake zinazopambana na vinavyobaki. Ngozi nayo ni ukuta. Ndiyo maana kidonge hakilazimiki kuwa hakina kiini hata kimoja, kwani kinapita kwa bawabu kama wageni wengine.

Sindano humpita bawabu huyo. Inatoboa ukuta na kuiacha dawa ndani ya nyama au ndani ya damu yenyewe. Kwa hiyo dawa ya sindano hutengenezwa kwa sheria nyingine kabisa. Kiwango kinachotakiwa ni kwamba katika vichupa milioni moja, uwezekano wa kukuta kimoja chenye kiini hai usizidi mmoja.

Njia ya kale na iliyo bora ni mvuke. Vichupa vilivyokwisha kujazwa na kufungwa hutiwa katika otoklevu, mtungi mkubwa wa chuma unaofanya kazi kama ile sufuria ya mvuke inayoivisha maharagwe upesi. Mvuke hufikishwa nyuzijoto 121 na kuachwa hapo kwa dakika 15 au zaidi. Maji ya dripu husafishwa hivyo. Ila dawa nyingi haziwezi kuustahimili moto huo. Insulini ingeharibika kabisa. Hizo huchujwa kwa chujio lenye vitundu vya mikroni 0.22, udogo ambao unywele wa kichwa chako unauzidi zaidi ya mara 300, kisha hujazwa katika chumba maalum ambamo hewa yenyewe imechujwa. Pale dawa inapojazwa, hewa ya mita moja mchemraba hairuhusiwi kuwa na chembe zaidi ya 3,520 za ukubwa wa nusu mikroni au zaidi. Hewa ya chumba cha kawaida huwa na mamilioni. Na mchafuzi mkubwa ni binadamu, kwa kuwa ngozi yetu hupukutika mchana kutwa, ndiyo sababu wafanyakazi wa huko hujifunika kuanzia utosini hadi nyayoni, macho tu ndiyo yanayoonekana nyuma ya miwani.

Kosa dogo katika kazi hii huua. Mwaka wa 1972 katika hospitali moja mjini Plymouth, Uingereza, wagonjwa waliowekewa dripu ya sukari baada ya upasuaji walianza kuzidiwa, na baadhi yao wakafa. Uchunguzi ulionyesha kuwa chupa hizo zilipokuwa otoklevuni, hewa haikutolewa yote. Hewa hiyo ilibaki chini ya mtungi, mvuke haukufika kwenye rafu za chini, na chupa za huko hazikupata joto lililotakiwa. Chupa za juu zilikuwa salama. Kwa macho, zote zilifanana. Tangu hapo watengenezaji walielewa vyema zaidi kwamba kupima chupa chache mwishoni hakutoshi. Kila hatua ya kazi lazima ithibitishwe.

Na asije mtu akadhani hayo ni mambo ya kale. Mwaka wa 2012 nchini Marekani, kampuni ya New England Compounding Center ilitoa dawa ya kutuliza maumivu ya mgongo iliyokuwa na kuvu. Watu zaidi ya 750 katika majimbo 20 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na 64 walipoteza maisha. Walikwenda kutibiwa mgongo tu.

Chupa moja, watoto wengi

Lakini mara nyingi dawa hutoka kiwandani ikiwa safi, na huharibiwa na sisi wenyewe pale inapotumiwa.

Kisa kinachosomeshwa hadi leo ni cha mji wa Bundaberg, jimbo la Queensland, Australia. Januari 1928, watoto 21 walidungwa chanjo ya dondakoo kutoka katika chupa moja yenye kizibo cha mpira. Watoto 12 walikufa. Chupa hiyo ilikuwa imetumiwa siku kadhaa zilizotangulia, sindano ikiingia na kutoka, kisha ikahifadhiwa bila barafu wakati wa joto kali. Haikuwa na dawa ya kuzuia viini kuzaana. Bakteria waliingia na sindano ya siku za mwanzo, wakapata joto na chakula, wakaongezeka. Tume iliyoundwa ilishauri kwamba chupa za kutumiwa mara nyingi ziwe na kinga hiyo ndani yake, na ndivyo ilivyo leo kwa insulini na dawa nyingine nyingi.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mei 2017, katika kijiji cha Nachodokopele, Kapoeta Mashariki nchini Sudan Kusini, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Turkana, watu wapatao 300 walichanjwa dhidi ya ukambi. Watoto 15 walikufa, na wengine 32 walishikwa na homa, kutapika na kuharisha kisha wakapona. Uchunguzi ulionyesha kuwa bomba moja la kuchanganyia dawa lilitumiwa kwa siku nne zote za kampeni bila kubadilishwa, chanjo haikuwekwa mahali pa baridi, na waliokuwa wakichanja hawakuwa wamefunzwa. Wengine walikuwa ni watoto wa miaka 12. Chanjo ya ukambi haina kinga ya kuzuia viini kuzaana. Ikishachanganywa na maji yake, inafaa kutupwa baada ya saa sita au kikao cha chanjo kinapomalizika, lolote litakalotangulia. Kati ya Bundaberg na Nachodokopele ilipita miaka 89, na kosa lilikuwa lile lile.

Upo pia uchafu ambao hauonekani mara moja. Bomba likitumiwa kwa mtu wa kwanza kisha wa pili, hata sindano ya mbele ikibadilishwa, damu kidogo hubaki. Tone ambalo huwezi kuliona linatosha kupitisha virusi vya homa ya ini aina ya B. WHO ilikadiria kwamba katika mwaka wa 2000 pekee, sindano chafu ziliwaambukiza watu milioni 21 homa ya ini aina ya B, milioni 2 aina ya C, na watu 260,000 virusi vya ukimwi. Wakati huo karibu sindano 40 katika kila 100 kwenye nchi zinazoendelea zilidungwa kwa kifaa kilichokwisha kutumika. Kufikia 2010 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi kama 5 na nusu katika kila 100. Hayo ni mafanikio makubwa ambayo hayakupigiwa ngoma yanavyostahili. Sehemu yake ililetwa na mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja, ambayo hata mhudumu mvivu hawezi kuyarudia. Mabomba ya namna hiyo sasa hutengenezwa hata hapa kwetu, katika kiwanda cha Revital kule Kilifi.

Maji ambayo si maji tu

Ukiona kijichupa chenye maji meupe ya kuchanganyia unga wa dawa, usidhani ni maji ya mfereji yaliyochemshwa. Na hapa kuna jambo lililowasumbua madaktari kwa miaka mingi. Zamani mgonjwa aliwekewa dripu iliyochemshwa vizuri, haina kiini hai hata kimoja, na bado baada ya muda mfupi akaanza kutetemeka na kupanda homa. Katika miaka ya 1920 mwanakemia Mmarekani, Florence Seibert, alionyesha sababu. Bakteria walikuwa wamekufa, lakini mabaki ya ngozi zao yalikuwa bado majini. Mabaki hayo mwili huyaona kama uvamizi na kuwasha homa, na hayaharibiwi kwa kuchemsha. Vichupa vya glasi huondolewa mabaki hayo kwa joto kavu la nyuzi 250 hivi kwa nusu saa.

Kuyapima, watu walitumia sungura kwa miongo mingi. Sungura alidungwa dawa kisha akapimwa joto. Baadaye ikagunduliwa kuwa damu ya kaa mmoja wa ajabu wa pwani ya Marekani, mwenye umbo la kwato ya farasi na damu ya rangi ya samawati, huganda mara inapokutana na mabaki hayo. (Kaa huyu, kwa hakika, ni jamaa ya buibui na nge kuliko kaa wetu wa mikokoni.) Tangu miaka ya 1970 dawa nyingi za sindano duniani zimepimwa kwa damu yake, na siku hizi kuna kipimo kilichoundwa maabarani ambacho kinaanza kumpumzisha.

Kisha kuna suala la chumvi. Maji matupu, hata yawe safi namna gani, yakitiwa kwa wingi mshipani hupasua chembe nyekundu za damu, kwani chembe hizo huvuta maji na kuvimba. Ndiyo maana dripu ya kawaida ina gramu 9 za chumvi katika kila lita moja, au gramu 50 za sukari. Kiasi hicho hulingana na cha damu yako. Basi ukisikia mtu anasema dripu ni maji na chumvi tu, yuko sahihi, lakini asijaribu kujitengenezea jikoni.

Kwa nini nyingine ni unga, nyingine maziwa?

Hapa ndipo penye utamu, maana sura ya dawa kichupani inaeleza mengi.

Chukua artesuneti, dawa ya malaria kali. Huja kama unga mkavu kwa kuwa haiyeyuki kirahisi majini, na ikikaa majini huharibika. Kichupa cha miligramu 60 huja na kijichupa cha bikaboneti ya sodiamu, jamaa ya ile magadi ya kupikia. Mhudumu hutia mililita 1 ya bikaboneti, hutikisa mpaka unga uyeyuke na maji yawe maangavu, kisha huongeza mililita 5 za dripu ya chumvi au ya sukari kwa sindano ya mshipa, au 2 kwa sindano ya msuli. Ikibaki na mawingu haifai kudungwa. Ikishachanganywa, itumiwe ndani ya saa moja. Hivyo basi mhudumu akikuambia kichupa kilichanganywa asubuhi na kuna kiasi kilichobaki, kikatae.

Dawa hii imeokoa roho nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010, uliowahusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa kati ya waliotibiwa kwa kwinini walikufa karibu 11 katika kila 100, na kati ya waliopewa artesuneti walikufa 8 na nusu. Hudungwa mgonjwa anapofika, tena baada ya saa 12, tena baada ya saa 24. Na tafadhali sikia hili, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Mgonjwa akishapata nguvu ya kumeza, lazima apewe dozi kamili ya siku tatu ya tembe za malaria. Sindano hupunguza vimelea haraka lakini haikai mwilini. Ukienda nyumbani na kuacha tembe kwa kuwa ulishadungwa, malaria itarudi.

Penisilini ya benzathini ni kinyume chake. Yenyewe imetengenezwa makusudi isiyeyuke vizuri. Ikichanganywa huwa nzito kama uji mwepesi mweupe, huziba sindano, na huuma kwelikweli. Ikidungwa ndani ya msuli hukaa hapo kama akiba na kuachia dawa kidogo kidogo kwa wiki tatu hadi nne. Mama mjamzito mwenye kaswende akidungwa dozi yake, huokoa mtoto aliye tumboni, na hakuna kidonge kinachotegemewa kwa kazi hiyo. Mtoto aliyepata homa ya baridi yabisi iliyoshika moyo huidungwa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka. Lakini uji huo ukiingia mshipani kwa bahati mbaya unaweza kusimamisha moyo. Dawa moja, na tofauti ya sentimita moja.

Sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi hufuata kanuni iyo hiyo. Ni chembe ndogo mno zinazoelea majini, ndiyo maana kichupa hutikiswa kwanza. Kisipotikiswa, mama hupata maji mengi na dawa kidogo, na baadaye hushangaa kupata mimba. Na akishadungwa asipasugue mahali pale, hata kama mkono unawasha, kwa kuwa kusugua huitawanya akiba iliyotakiwa kuyeyuka polepole.

Seftriaksoni ndiyo inayopendwa na kliniki za mitaani, nami nadhani inapendwa kupita kiasi. Huja kama unga, na ikidungwa kwenye msuli huuma sana, hivyo huchanganywa na dawa ya kutia ganzi. Mchanganyiko huo wa ganzi ni wa msuli peke yake, haufai kamwe kutiwa mshipani, kwa sababu unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Tena seftriaksoni haipatani na kalsiamu. Zikikutana hufanya chembechembe ngumu kama mchanga, na watoto wachanga wamewahi kufa kwa sababu hiyo. Ile dripu iitwayo Ringer's lactate ina kalsiamu. Mhudumu aliyesoma analijua hili. Aliyejifunza kudunga kwa kutazama wenzake huenda hajui.

Kwa wenye kisukari

Wewe unayejidunga mwenyewe kila siku una haki ya kuitwa mtaalamu, na pengine unajua mengi kuliko mwandishi huyu. Hata hivyo kuna mambo ambayo huulizwa mara kwa mara.

Insulini haimezwi kwa kuwa tumbo lingeiyeyusha kama nyama. Mgonjwa wa kwanza kudungwa, kijana wa miaka 14 huko Toronto, Kanada, alipata sindano ya kwanza Januari 11, 1922. Haikuwa imesafishwa vizuri, haikumsaidia sana, na ilimwachia jipu. Siku 12 baadaye alidungwa iliyosafishwa upya na mwanakemia James Collip, na sukari yake ikashuka. Ni dawa ile ile. Kilichobadilika ni usafi wa utengenezaji.

Insulini iliyo wazi kama maji ikionyesha mawingu, itupe. Ile ambayo kwa kawaida ni ya mawingu, izungushe taratibu katikati ya viganja vyako mpaka ichanganyike sawasawa, usiitikise kwa nguvu. Ikiganda barafu imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Kichupa ulichokwisha kukifungua hutumika kwa wiki nne hivi, kwa hiyo andika tarehe kwa kalamu juu ya karatasi yake.

Na kama huna friji? Swali hili limewatesa wengi, kiasi cha baadhi ya wagonjwa kulazimika kwenda kituo cha afya kila siku kwa ajili ya sindano. Mwaka wa 2021 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotumia vipimo vya joto halisi la kambi ya Dagahaley, kule Dadaab. Waliona kwamba insulini iliyokaa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Kwa hivyo kichupa kimoja unachokitumia kinaweza kukaa kivulini, penye ubaridi, mbali na dirisha na mbali na jiko. Akiba ya miezi ijayo ndiyo inayohitaji friji. Zungumza na daktari wako kwanza, lakini usikubali kuambiwa kwamba bila friji hakuna matibabu.

Sindano iingie wapi?

Mahali pa kudungwa hapachaguliwi ovyo. Chanjo ya kifua kikuu huwekwa ndani ya ngozi yenyewe, juu ya mkono wa kushoto, ndiyo maana Wakenya wengi tuna kile kidonda kilichopona. Insulini huwekwa katika mafuta chini ya ngozi. Nyingine huingia msulini au mshipani.

Mzazi, shikilia hili. Katikati ya tako hupita neva kubwa inayoteremka mguuni. Sindano ikiigusa, au dawa kali kama kwinini ikimwagika karibu nayo, mtoto anaweza kuanza kuburuza mguu, na wako waliobaki na kilema maisha yao yote. Kwa mtoto mchanga mahali salama ni paja, upande wa mbele kuelekea nje. Akilazwa kifudifudi na suruali ikivutwa chini, una haki ya kuuliza, "Dada, haiwezekani kumdunga pajani?" Muuguzi mwenye kuijua kazi yake hatakasirika.

Uliza na mengine pia. Je, dawa hii haipo ya kumeza? Mara nyingi ipo, na hufanya kazi sawa, na ni rahisi zaidi. Sindano ni lazima pale mgonjwa anapotapika kila kitu, anapozimia, maradhi yanapokuwa makali mno kusubiri tumbo, au dawa yenyewe isipokuwa na sura ya kidonge. Zaidi ya hapo, iombe sababu.

Omba kichupa ukione kabla ya kujazwa. Soma jina na tarehe. Kitazame kwenye mwanga kama kina uchafu unaoelea au ufa. Taka bomba lifunguliwe mbele yako. Kizibo cha mpira kisiwe na sindano iliyoachwa imechomekwa tayari, maana wako wanaofanya hivyo kurahisisha kazi, na tundu hilo ni mlango ulio wazi kwa viini vya chumba kizima. Baada ya kudungwa usikimbilie matatu. Kaa hapo kama robo saa hivi, hasa ukiwa umedungwa penisilini, kwa sababu mzio mkali huja upesi na dawa ya kuutuliza iko hapo kliniki. Kama wewe huwezi kutazama kwa kuogopa sindano, nenda na mtu asiyeogopa.

Siku zinazofuata, uvimbe mdogo na uchungu wa siku moja au mbili ni kawaida. Pakiendelea kuwa pekundu, pakiwa na joto, pakianza kutoa usaha, au mguu ukifa ganzi, rudi hospitalini siku hiyo hiyo, usipakande kwa maji moto ukingojea.

Na wale wanaojidunga nyumbani, sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko chake kwa mikono miwili, wala usiitupe katika mfuko wa taka pamoja na maganda ya ndizi. Vijana wanaookota chupa kwenye majalala ya mjini hawana glavu. Tafuta chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kufunga kwa kuzungusha, ile ya sabuni ya maji inafaa sana, uzitie humo, na inapojaa robo tatu ifunge uipeleke katika hospitali unakochukulia dawa.